Ukirudi kutoka Barcelona usiiguse hiyo programu

Mkuu, umeuliza viza, mahali pa kulala na mada za kuhudhuria CHI huko Barcelona, ule mkutano wa kimataifa wa watafiti wa jinsi watu wanavyotumia kompyuta na simu, halafu ukamalizia kwamba ukirudi tu unabadilisha muonekano wote wa programu ya mawakala wa pesa za simu. Hapo nimeshindwa kunyamaza. Usifanye hivyo!

Nilikwenda CHI ya Glasgow, Mei 2019. Mada zinaendelea vyumba vingi kwa wakati mmoja. Jamaa mmoja wa ofisini, eti mzoefu, aliniambia nikimbie chumba hadi chumba nipige picha kila slaidi. Nikakimbia. Kumbe makala za mada hizo zinachapishwa, unazisoma ukiwa nyumbani! Walioziandika walikuwa koridoni wanakunywa kahawa, na sikumuuliza hata mmoja swali.

Hilo dogo. Slaidi moja ilionyesha skrini safi, vitufe vimefichwa, unatelezesha kidole tu. Ukumbi ukapiga makofi. Niliporudi Dar, jamaa yuleyule akasema dunia ndiko inakokwenda, tukaficha vitufe vya kuweka na kutoa pesa. Wakala wa Mbagala ana foleni mlangoni, kioo cha simu kimepasuka, vidole vina jasho. Atajuaje kuna kitu kimejificha pembeni? Mama mmoja alinipigia Jumamosi: "Mwanangu, kile cha kutoa pesa mmekipeleka wapi?" Mawakala wakarudi kwenye menyu za nyota na reli. Kazi ya miezi minne tukaifuta. Na onyo lilikuwepo: Don Norman na Jakob Nielsen, wataalamu wa kufanya vifaa na programu ziwe rahisi kutumia, walishaandika tangu 2010 kwamba ishara za vidole zisizoonekana zinampoteza mtumiaji. Yule jamaa hajaomba radhi mpaka leo. Siku hizi anaendesha semina!

Kwa hiyo shika hili: kitu ulichokiona jukwaani kisiingie kwenye programu kabla watu watano wa kwako hawajakishika. Kichore kwenye karatasi, nenda kibandani, mwambie wakala "mtolee mteja elfu kumi", kisha funga mdomo uangalie kidole chake kinakwenda wapi. Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba watano wanatosha kufichua matatizo mengi. Gharama yake ni nauli ya daladala na soda tano. Yule mama angenionyesha kosa langu kwa dakika mbili.

Huko Barcelona, msemaji akikuvutia mfuate nje umuulize: ulijaribu na nani, kwa simu gani, mtandao ulipokatika ikawaje? Andika jibu lake. Ukitua, kabla hujafungua kompyuta, mpelekee wakala wako.