Vifaa vya kusafishia kabureta ya pikipiki: hela yako ianzie kwenye bisibisi

Kama una hela kidogo ya kununua vifaa vya kusafishia kabureta, nyingi iende kwenye bisibisi. Wengi hukimbilia dawa ya kupuliza, wakati kabureta nyingi ninazoletewa hapa Uyole, Mbeya, hazijauawa na uchafu. Zimeuawa na skrubu zilizolika vichwa na jeti zilizokwaruzwa, yaani vile vipande vidogo vyenye tundu la kupitishia petroli. Uchafu hutoka, ila jeti iliyokwaruzwa ni kununua nyingine.

Skrubu za kikombe cha chini kwenye kabureta za Kijapani, kama Mikuni na Keihin, zina msalaba unaofanana sana na nyota ya kawaida, lakini si nyota hiyo. Zimekatwa kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JIS, na nyingi zina kidoa kidogo kichwani. Bisibisi ya nyota ya kawaida haizami vizuri humo: ukitia nguvu inaruka na kula kichwa. Tafuta yenye alama ya JIS. Ukiikosa, nenda na skrubu yako mfukoni kwenye maduka ya Mwanjelwa, ujaribishe moja moja mpaka upate inayokaa bila kucheza. Ya bapa nayo ichague hivyo hivyo. Jeti ya sailensa, ile inayolisha injini ikiwa inaunguruma bila kuvutwa mafuta, imejificha ndani ya kishimo, kwa hiyo shingo ya bisibisi iwe nyembamba lakini ncha ijaze mfereji wote wa jeti. Jeti ni ya shaba ya njano, laini, na ncha ndogo huimega.

Suala la kuzibulia linaniumiza zaidi. Nimeona watu wakitumia sindano ya kushonea, hata uzi wa waya wa breki. Tundu la jeti ya sailensa ni dogo, kwa kawaida halifiki milimita moja, na chuma ni kigumu kuliko shaba. Ukichokoa kwa chuma unalitanua bila kuona. Na sisi huku juu tunaumia zaidi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo hata kabureta nzima huelekea kuchanganya petroli nyingi kuliko inavyofanya kule Kyela. Ongeza tundu lililotanuliwa, plagi inakuwa nyeusi tii na pikipiki inakunywa mafuta. Kuna kijana wa bodaboda alikuja na tatizo hilohilo, mapato yake ya siku yakiishia kituo cha mafuta tangu pikipiki iliposafishwa kwingine. Tulibadilisha jeti tu, ikatulia.

Tumia unyuzi mmoja wa shaba nyekundu kutoka kwenye waya laini wa umeme, kama ule wa pasi. Au mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki; wanaotoka ziwani watakuletea. Ukigoma kupita, loweka jeti kwenye petroli usiku kucha, usiusukume kwa nguvu.

Baada ya hapo ni upepo. Kompresa ya fundi pancha inatosha, na pampu ya baiskeli yenye ncha nyembamba inasaidia ukiwa nyumbani. Kabla ya upepo au dawa, toa boya, oringi zote (pete za mpira), na ile diaframu ya mpira kama kabureta yako inayo. Dawa ya kupuliza huvimbisha mpira na kuuharibu. Vaa miwani pia, maana ukipuliza tundu moja dawa hutokea kwenye lingine, usoni kwako.

Vipande viweke kwenye sahani nyeupe yenye kingo. Trei ya sumaku haikusaidii hapa, shaba haishikwi na sumaku.

Nawasihi jambo moja, hasa Juni na Julai baridi inapobana: msifanye kazi hii karibu na jiko la mkaa. Mvuke wa petroli hutambaa chini na kulifuata jiko hata likiwa kona ya pili ya chumba. Kaeni nje, juani.

Kifaa cha mwisho ni kalamu na karatasi. Skrubu ndogo ya kurekebishia mchanganyiko, kabla hujaifungua, izungushe kwanza kwenda ndani polepole ukihesabu mizunguko na robo zake mpaka iguse chini. Usiikaze, ncha yake huchubuka. Andika hesabu hiyo, ndipo uitoe, na wakati wa kurudisha ifuate.