Jibu: Ukaguzi wa ndege nyepesi ya viti viwili iliyounganishwa nyumbani

Umeuliza uanzie wapi kukagua ndege kama hiyo kabla ya kuinunua. Anza na uzito. Weka mizani chini ya kila gurudumu, usitegemee karatasi ya kiwanda. Rangi na redio huongeza kilo nyingi. Ikiwa kikomo cha uzito wa kupaa ni kilo 450 na ndege tupu ina 285, zinabaki 165. Watu wawili wa kilo 80 wanakuachia kilo 5, yaani kama lita 7 za petroli. Hiyo kwangu ni ndege ya mtu mmoja.

Kisha kokotoa kitovu cha uzito, yaani mahali ndege inaposawazika, tangi likiwa limejaa na likiwa karibu kwisha. Kama injini ni Rotax 912, angalia tarehe ya paipu za mpira: hubadilishwa kila miaka 5, hata ndege isiporuka.