Kufufua kijito cha mtaa: kijiko kije mwishoni

Mkuu, nimekusoma. Mna kijito cha upana wa mita tatu hivi kinachoteremkia Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Kimejaa taka, masika kikipanda maji yanaingia vyumbani, na kamati imeshachangisha hela ya kukodi kijiko ili mchimbe kina, mnyooshe kona, kisha mpande miti 500 kingoni. Unauliza kijiko cha siku ngapi kitatosha. Ushauri wangu ni kwamba msikodi bado.

Mto ukinyooshwa unakuwa mfupi wakati tofauti ya kimo kati ya juu na chini imebaki ileile, kwa hiyo mteremko unaongezeka na maji yanakimbia. Maji yanayokimbia yanakula sakafu ya mto, kingo zinabaki zimesimama wima, na udongo wetu wa kichanga hauwezi kusimama wima mvua mbili. Kingo zikishaanguka, nyumba za pembeni zinafuata, na mchanga wote ulioporomoka unakwenda kutua kwenye kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Mwaka unaofuata mnachangishana tena. Mara nyingi kijito kinachofurika kimekosa upana, na nyie mnachotaka kukiongezea ni kina.

Anzeni kwa kujua maji yenu ni kiasi gani. Pateni ukubwa wa eneo linalokimiminia kijito maji: ramani za mifereji zilizochorwa na Ramani Huria, mradi wa wananchi kuchora ramani za mitaa yao, kuanzia 2015 zinasaidia sana kwa kata nyingi za Dar, lakini pia mtembee na miavuli mvua ikinyesha mwone kila mfereji unaelekea wapi, kwa sababu watu hugeuza mifereji bila kumwambia mtu. Kisha hesabu ni hii: zidisha hekta kwa ukali wa mvua (milimita kwa saa) kwa kigezo cha ardhi (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini), halafu gawanya kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Mtaa uliobanana, wenye mabati na sakafu za saruji, kigezo chake ni kama 0.6. Tuseme eneo ni hekta 80 na mvua kali ni milimita 70 kwa saa: 80 × 70 × 0.6 ÷ 360, mnapata 9.3. Hiyo 70 ni ya mfano. Takwimu za kwenu zitafuteni Mamlaka ya Hali ya Hewa au ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Sasa angalieni kalavati la barabarani. Umeandika ni la kipenyo cha sentimita 90. Kalavati hilo, likiwa safi kabisa, hupitisha mita ya ujazo moja kwa sekunde au zaidi kidogo. Zinakuja tisa, inapita moja! Hata mkichimba kijito kizima mpaka kwenye mwamba, maji yatasimama palepale barabarani na kurudi nyuma vyumbani. Kwa kiasi hicho mnahitaji kalavati la boksi la kama mita 3 kwa 1.5, na hilo si la kuchangishana, ni la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ikiwa barabara ni yao. Barua yenye hesabu, picha na alama ya maji ukutani hujibiwa haraka kuliko barua ya malalamiko. Na kabla ya kulipanua, angalieni nani anakaa chini yake, maana mkifungua kizibo bila kumtayarishia nafasi mnamhamishia yeye mafuriko.

Umbo la kijito ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza kwa vipimo. Katikati acheni mkondo mdogo wa maji ya kila siku: sakafu mita 1.5, kina nusu mita, kingo za mlalo wa mita moja kwenda nje kwa kila mita moja ya kupanda. Pande zote mbili za mkondo huo wekeni kibaraza cha upana wa mita 2. Juu ya vibaraza kingo zipande mita 1 kwa mlalo wa mita mbili kwenda nje kwa kila mita moja ya kupanda. Upana wa juu kabisa unafika mita 10.5 na nafasi ya maji ni mita za mraba 9.5. Kwa mteremko wa nusu asilimia, yaani sentimita 25 kila mita 50 (levo ya maji ya mafundi inatosha kuupima), maji yatakwenda kama mita moja kwa sekunde hata vibaraza vikiwa na majani marefu. Mnapitisha zile 9.3, ila chupuchupu, kwa hiyo palipo na nafasi ongezeni sentimita 30 juu ya ukingo. Kiangazi maji yanabaki kwenye mkondo mwembamba, yanatembea, hayatuami na kuzalisha mbu. Masika yanapanda vibarazani, yanapunguza kasi na kumwaga mchanga mahali mnapoweza kuuzoa kwa koleo. Kona acheni zilivyo. Palipo na kishimo chenye samaki wadogo na vyura msipaguse, wanakula viluwiluwi vya mbu bure.

Najua mtasema mita 10.5 hazipo. Sehemu nyingine hazipo kweli, na hapo ndipo gabioni, yaani maboksi ya waya yanayojazwa mawe, zinapohusika: kwenye kona upande wa nje, kwenye nyumba iliyokaribia ukingo, na kwenye mdomo wa kutokea wa kalavati. Msizipange kijito kizima, ni kuzika hela. Kwa ukuta wa urefu wa mita 10 na kimo cha mita 2, chukueni boksi 15 za mita 2×1×1. Kumi zinalazwa safu ya chini, urefu wake ukiingia ndani ya ukingo, tano zinakaa juu sambamba na mto. Hizo ni mita za ujazo 30 za mawe, ongezeni asilimia kumi ya kupotea. Mawe yawe magumu, ya sentimita 15 hadi 25, kwa sababu madogo hutoka kwenye matundu na makubwa huacha mapango. Jazeni kwa matabaka ya sentimita 33 na kila tabaka lifungwe waya wa kuvuka kutoka uso hadi mgongo, la sivyo boksi linatoa tumbo. Safu ya chini ianzie nusu mita chini ya sakafu ya mto. Ncha mbili za ukuta ziingie ukingoni mita moja, maji yakipata upenyo wa kuzunguka nyuma ukuta unabaki kisiwa.

Kosa la mafundi wengi ni kutoweka kitambaa cha jiotekstaili (kinachopitisha maji na kuzuia udongo) nyuma ya gabioni, wakisema ni gharama ya bure. Bila hicho, kila maji yakishuka yanavuta mchanga kupitia kwenye mawe. Kwa macho ukuta unaonekana mzima, ila ukikanyaga nyuma yake mguu unazama. Mwaka wa pili umelala. Pia waya uwe na koti la plastiki, maji machafu ya vyoo hula waya mtupu, na kuna wanaoukata kwenda kuuza chuma chakavu. Hili la mwisho halina dawa ya kihandisi, linahitaji jirani mwenye macho.

Miti 500 sasa. Nyasi zitangulie. Kingo za juu pandeni vetiva: mche wa vichipukizi viwili vitatu, majani yakatwe yabaki sentimita 20, mizizi sentimita 5, umbali sentimita 15, mistari ikienda sambamba na mto na si kuteremka ukingo kwenda majini. Mistari mitatu kwa ukingo wa mita 100 ni miche kama 2,000 kwa upande mmoja. Haipendi kivuli, ndiyo maana ikipandwa pamoja na miti inayokua haraka hufa. Vibarazani wekeni ukoka, unalala maji yakipita na unaamka. Miti ikae juu ya ukingo: mkuyu pale penye nafasi ya kutosha tu, mzambarau, na mtomondo kwa wanaokaribia baharini. Mikaratusi hapana. Mianzi kwenye kijito chembamba pia hapana, shina moja likianguka linageuka bwawa. Udongo uchimbwe Juni hadi Septemba, miche iingie vuli zikianza ili masika yakute imeshika.

Taka. Kizuizi cha nondo mbele ya kalavati ni kizuri ikiwa kuna mtu wa kukisafisha kila baada ya mvua, kwa jina lake na kwa malipo. Kama hayupo, msiweke, kwa sababu kikiziba kinazuia maji kuliko taka zenyewe. Nondo ziachane sentimita 12 hivi, zilale nyuzi 45 ili taka zipande juu, eneo lake liwe mara tatu ya mdomo wa kalavati, na pembeni iwepo njia ya maji kupita kikiziba. Ila taka hazitoki mtoni, zinatoka kwenye nyumba ambazo gari au mkokoteni haufiki. Fuateni vichochoro hivyo kwanza. Na kutapisha vyoo wakati wa mvua lisemwe waziwazi kwenye mkutano wa mtaa: anayefungulia shimo usiku wa mvua anafanya hivyo kwa kuwa gari la majitaka halipiti au ni ghali. Huduma za kutapisha kwa pampu ndogo na toroli zipo Dar, tafuteni bei ya kundi.

Vibali msiviruke. Kazi yoyote ndani ya mto inapita Bodi ya Bonde, na kuhusu tathmini ya mazingira waulizeni NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, mapema. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mkiipima kwa mtaa wenu inameza nusu ya nyumba, na wenye nyumba wanalijua hilo, ndiyo maana wanakimbia wakiona mtu ameshika futi. Waelezeni mapema mnapima nini. Mpangaji na mwenye nyumba wakae kikao kimoja, kwa sababu anayelala kwenye maji mara nyingi ni mpangaji.

Matumizi ya watu yakae vibarazani na yawe ya kuvumilia kuzama: njia ya miguu, uwanja wa watoto wa mchanga, mabenchi ya zege yaliyofungwa chini. Meza za mbao, vibanda na vyoo viwekwe juu ya alama ya mafuriko. Bustani za mchicha za kumwagilia maji ya kijito nazikataa, mboga za kando ya Sinza na Msimbazi zilipopimwa zilikutwa na risasi na kadimiamu. Kitalu cha maua ya kuuza kinafaa zaidi, na hela yake ndiyo inayomlipa msafisha nondo.

Mfereji wa zege mtashauriwa tu, unapendeza siku ya uzinduzi. Pale ambapo nyumba zimebana pande zote unaweza kuwa hauepukiki. Kwingine kote unampelekea wa chini maji yenu kwa kasi mara mbili.

Tupia hapa upana wa juu na kina cha kijito sehemu tatu (juu, katikati, karibu na kalavati), tofauti ya kimo kwa mita 50, na picha ya kalavati upande wa kuingilia na wa kutokea. Ule wa kutokea usiusahau, kama sakafu imechimbika chini yake zaidi ya nusu mita, gabioni za kwanza zinaanzia hapo.