Anko yupi?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu Fei Xiaotong, mwanasosholojia wa China aliyechunguza familia za kijiji cha Kaixiangong. Neno shushu nililitafsiri "mjomba", mhariri akalikata. Je, niweke "anko"? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mhariri amekukata kwa haki, na hiyo "anko" usiiguse kabisa. Shushu ni mdogo wake baba, yaani baba mdogo. Kaka yake baba ni bofu, baba mkubwa. Mjomba ni jiujiu, shangazi ni gugu. Wachina wametenga upande wa baba na upande wa mama kama sisi, halafu wewe unazunguka kupitia Kiingereza na kurudi na neno moja la wote! Hata hilo la Kiingereza limetoka kwenye Kilatini avunculus, ambaye alikuwa kaka wa mama peke yake.

"Anko" inaniudhi kwa sababu inapokonya watu haki zao. Juzi kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi, mshereheshaji alitangaza: "Anko wa bibi harusi apite mbele apokee kilemba." Wakainuka wanaume watatu. Mjomba, mzee wa watu aliyekesha kwenye basi, akaketi tena taratibu, na kilemba akapokea bamdogo. Kilemba ni cha mjomba!

Sasa lipeleke kosa hilo Kaixiangong, alikofika Fei mwaka 1936. Kwa mila ya Wachina, mwanamume asiye na mtoto wa kiume alimchukua mtoto wa ndugu yake wa kiume awe mrithi, kwa kuwa ni wa ukoo mmoja. Mtoto wa dada ni wa ukoo mwingine. Ukiandika "mpwa alirithi shamba", sisi tutaelewa mtoto wa dada, na habari nzima ya nani hurithi, na kwa nini mtoto wa kiume alitafutwa kwa udi na uvumba, itapinduka. Andika "mtoto wa kaka yake" au "wa mdogo wake wa kiume", kadiri ilivyo.

Fei Dasheng, msomi wa shule ya hariri ya wasichana, aliyewaletea wanakijiji hao utengenezaji wa hariri wa kisasa, alikuwa jiejie wa Fei, yaani dada mkubwa. Hapo "dada yake" inatosha. Angekuwa amezaliwa nyuma yake, tungesema "mdogo wake".

Wachina wenyewe maneno haya yamewaponyoka kwa sababu nyingine. Sera ya mtoto mmoja, iliyoanza 1980 na kukomeshwa mwishoni mwa 2015, ilimpa binti pekee wa mjini ada yote ya shule, bila kaka wa kugawana naye. Lakini mtoto wa binti huyo hana wa kumwita jiujiu. Wajomba zetu wapo, tunakula nao pilau, na bado tunawaita anko.

Nakuachia mahali pamoja tu. Mtoto wa Kichina humwita shushu hata mwanamume asiyemjua, kama wanetu wanavyomwita kondakta wa daladala. Hapo andika "anko", sitagomba.