Jiwe la kijani, mawe ya Mwanza na mistari ya Uluguru

Swali: Nipo machimboni Geita. Wakongwe wa duarani wanatuambia tufuate jiwe la kijani. Ndilo lenye dhahabu?

Jibu: Wakongwe wako karibu na ukweli, ila ukijani si dhahabu. Jiwe hilo lilikuwa lava, bazalti nyeusi iliyomwagika zaidi ya miaka bilioni 2.6 iliyopita. Likafukiwa, likapashwa joto la nyuzi 300 hadi 500 hivi, maji ya moto yakapenya, na madini yake ya awali yakageuka kloriti, epidoti na aktinoliti. Yote hayo ni ya kijani. Kwarua kwa kisu penye kloriti nyingi: unga laini wa kijani kijivu unatoka. Bazalti mbichi ingekugomea.

Dhahabu ililetwa na maji yaliyokamuliwa kutoka miamba ya chini zaidi, ikisafiri pamoja na salfa, ikabaki kwenye nyufa. Kwa hiyo fuata ufa, kwatzi (jiwe gumu jeupe) na pairaiti (madini ya chuma na salfa yanayong'aa manjano). Na Geita kwenyewe, dhahabu nyingi imekaa kwenye miamba ya chuma yenye mistari, kwa hiyo kijani kisikupofushe.

Swali: Mawe yale ya Bismarck, Mwanza, ni miamba geu, yaani iliyogeuzwa na joto na mgandamizo?

Jibu: Hapana, ni itale, mwamba wa moto uliopoa chini kwa chini. Kukaa juu ya mwenzake namna ile ni kazi ya nyufa, mvua na jua.

Swali: Mawe ya Uluguru yana mistari myeupe na myeusi. Si tabaka za mchanga?

Jibu: Wengi hudhani hivyo. Mengi ni miamba iliyobanwa na kupikwa kilomita 30 na zaidi chini ya ardhi, mabara yalipogongana miaka milioni 600 na ushei iliyopita. Madini meusi na meupe yalijitenga yakiwa bado magumu, bila kuyeyuka. Baadhi ya mawe hayo, kabla ya kupikwa, yalianza kama magma, yaani mwamba ulioyeyuka.

Swali: Kama jiwe limeshageuka, umri wake wa kwanza mnaujuaje?

Jibu: Kwa zirkoni, punje ya madini iliyomo ndani ya jiwe, ndogo kuliko ya chumvi na ngumu kufa. Urani iliyomo, ambayo ni elementi ya mionzi, hugeuka polepole kuwa madini ya risasi. Nusu ya urani-238, aina yake kuu, huisha kwa miaka bilioni 4.47. Ikipikwa tena, punje huota ganda jipya. Ukikata katikati, kiini kinataja siku ya magma, ganda linataja siku ya mgeuko. Ndivyo jiwe la Acasta, Kanada, lilivyopewa miaka bilioni 4 hivi, ingawa lilishapikwa zaidi ya mara moja.