Ukiokota ganda la risasi Salaita, soma kitako chake kabla hujasema ni la nani

Ganda langu la kwanza nililiokota chini ya kilima cha Salaita, karibu na Taveta, pale Waafrika Kusini wa jeshi la Mwingereza walipowashambulia Wajerumani tarehe 12 Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakarudishwa nyuma. Lilikuwa upande wa mahandaki ya Wajerumani, basi nikamwambia mjomba kwa uhakika kabisa: hili ni la Mjerumani. Nikalisugua kwa limau na majivu, kama tunavyosugua sinia, mpaka likang'aa. Herufi za kitakoni zikafutika nusu. Hadi leo sijui lilitengenezwa mwaka gani, na naandika haya ili wewe usilipoteze la kwako namna hiyo.

Kabla ya lolote, tazama mdomo. Ganda tupu lina mdomo wazi. Ukikuta risasi nzima, kichwa bado kimo, usiiguse wala usiisafishe, hata kama fataki yake, kile kiduara cha katikati ya kitako kinachowasha baruti, ina kidimbwi cha kugongwa na pini. Huenda iligongwa ikakataa kulipuka, na baruti bado imo. Weka alama mahali hapo, uwaite polisi. Kukaa na risasi nzima bila kibali ni kosa Kenya na Tanzania pia.

Ganda tupu lipige picha pale pale lilipo kabla hujaliinua, halafu uandike ulipolikuta. Nyumbani lioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini, basi. Herufi zikiwa hafifu, zima taa, umulike kitako kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, kivuli kitazinyanyua. Zikikataa bado, paka unga wa chaki kisha ufute juu kwa kidole, chaki ibaki ndani ya michoro.

Sasa umbo. Ganda la Mwingereza, .303, lina urefu wa milimita 56, na la Mauser, bunduki ya Mjerumani ya 7.92, lina 57, kwa hiyo rula peke yake haitakusaidia sana. Tazama ukingo: la Mwingereza kitako chake kimetokeza nje kama ukingo wa kofia, la Mauser halijatokeza bali lina mfereji uliozunguka juu ya kitako. Ukikuta nene, lenye ukingo, urefu milimita 60 na mdomo wa milimita 11 hivi, hilo ni la bunduki ya Mauser ya 1871. Askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walianza vita na bunduki hiyo, na moshi wake mzito ulimwonyesha adui walipolala.

Chapa ya Mjerumani huwa na herufi za kiwanda, tarakimu mbili za mwaka, namba ya mwezi, na mara nyingi S67, yaani shaba nyekundu asilimia 67 na iliyobaki ni zinki. Ya Mwingereza ina herufi ya kiwanda, mwaka, na namba ya Kirumi ya toleo: VI ni la 1904, VII ni la 1910. K ni Kynoch wa Birmingham. R na L zenye mshale katikati ni kiwanda cha serikali cha Woolwich. K na F zenye mshale ni Kirkee, India, na hilo lisikushangaze, maana wanajeshi wengi wa upande wa Mwingereza huku walitoka India.

Lakini chapa inakwambia nani alitengeneza na lini. Nani alifyatua ni habari nyingine. Ganda langu la pili, kutoka mahandaki yale yale, limeandikwa K, 12, VI. Mwingereza mtupu, ungesema. Ila Novemba 1914, Waingereza waliposhindwa Tanga, waliacha ufukweni mamia ya bunduki, bombomu 16 na risasi takriban 600,000, na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, likaichukua ngawira hiyo likaitumia. Risasi ya 1912 ingeweza kabisa kupitia Tanga. Lingekuwa limeandikwa 15, ningejua halikutoka kwenye ngawira ile. Ndiyo maana nasisitiza mwaka kuliko herufi, na ndiyo maana lile la kwanza linaniuma.

Kusini kwa mto Ruvuma mambo huchanganyika zaidi: Novemba 1917 jeshi hilohilo liliwateka Wareno Ngomano na kujipatia silaha zao, kwa hiyo ganda la Kireno huko si lazima limefyatuliwa na Mreno.

Kikaratasi kilichofungwa kwenye ganda langu kinasema: Salaita, upande wa mahandaki, Kynoch 1912, toleo la VI. Mahali pa mfyatuaji nimepaacha wazi.