Ndiyo, Sammus ana PhD ya kweli

Kaka, umeandika kuwa PhD ya Sammus, yule rapa wa Marekani, ni kiki tu na kwamba hana lebo kabisa. Siyo kiki hiyo. Aliisomea Cornell, Marekani, fani ya sayansi na teknolojia katika jamii, akamaliza 2019. Baadaye akawa anafundisha muziki Chuo Kikuu cha Brown. Na biti anapika mwenyewe. Sikiliza albamu yake Another M ya 2014, yote inamhusu Samus Aran, yule mpiganaji wa gemu la Metroid aliyempa jina. Hapa Ngamiani, Tanga, nikiwawekea vijana wa kibanda cha gemu wananielewa upesi kuliko hao wanaojiita wana hip hop.

Ila hapo kwenye "hana lebo kabisa" umeteleza: albamu yake Pieces in Space, 2016, ilitolewa na Don Giovanni, lebo huru ya New Jersey.